Mto wa Rangi ya Kahawia

Juzi binti yangu Nasra alifungua pakiti mpya ya krayoni sebuleni kwa baba yangu, hapa Makole, Dodoma, na ile harufu ya nta ikanifuata mpaka jikoni nilikokuwa nakata vitunguu. Niliweka kisu chini nikaenda kusimama mlangoni. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, anachagua rangi, na kwa muda mfupi sikuwa mama wa mtu yeyote. Nilikuwa msichana wa darasa la sita mwenye soksi zilizolegea, nimeshika kipande cha krayoni ya kahawia kilichokwisha kwa kuchora mto.

Shule yenyewe ilikuwa ya binafsi, ya kufundisha kwa Kiingereza, na baba alinipeleka pale baada ya kubishana na nafsi yake kwa miezi mingi. Sisi ni watu wa mjini. Wazee wetu walikuja na misafara ya biashara, na marehemu bibi alipenda kusema kwamba walikusudia kufika mbali zaidi, ila miguu iliwauma wakakaa chini, wakaanza kuuza chumvi. Tangu hapo hakuna aliyeacha kuuza kitu. Baba aliuza viungo na mikeka karibu na soko. Masomo yake yaliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma maandishi ya kwenye makopo. Siku ya kwanza alinisimamisha getini, akanirekebisha kola na kuniambia, "Zuhura, mama, hapa ni majaribio. Ukifeli somo hata moja mwisho wa mwaka, unarudi kwa wenzako shule ya zamani. Mimi siwezi kuendelea kununua kitu nisichojua kama ni kizima au kimeoza."

Nilimwelewa vizuri. Baba hakuwa mtu wa kutishia bure, na hata iliki hakuinunua kabla hajaitafuna.

Kwa bahati mbaya, au nzuri, niliipenda shule ile kupita kiasi. Niliipenda ratiba yake iliyobandikwa ukutani, kila somo na rangi yake. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mapazia mazito, na tulivua viatu mlangoni kama watu wanaoingia msikitini. Kulikuwa na Kifaransa, kilichotufanya tubinue midomo mpaka tukachekana. Katika Sayansi tulikuwa na hadubini moja darasa zima, na siku niliyoweka jicho pale nikaona ngozi ya kitunguu imejaa vyumba vidogovidogo kama nyumba za kupanga, sikutaka kumpisha aliyekuwa nyuma yangu. Niliuliza maswali mpaka bibi akaniambia nipunguze, nisije nikaanza kukihoji kivuli changu.

Somo lililonitia matatani lilikuwa Maarifa ya Jamii. Alilifundisha Madamu Koku, mwanamke mrefu, mpole, aliyetoka Bukoba, ambako tulisikia mvua hainyeshi kwa kubembelezwa. Mwisho wa mwaka hatukufanya mtihani tu. Kila mmoja alitoa projekti, na projekti ilikuwa na nusu mbili: kwanza unaichora, kisha unasimama mbele ya wenzako wakuulize chochote, nawe uitetee. Sisi tuliita kudifendi. Tuliiogopa kuliko sindano.

Mwaka ule Madamu alituambia tuchore ramani ya mahali tunapopajua, penye vilima, barabara, nyumba na mto, na akasema mto ndio utakaobeba alama nyingi. Nilichora Gulwe, kwa shangazi yangu, nilikokwenda kila likizo. Reli ilipita, barabara ikaifuata, stesheni ikakaa, vilima vikasimama nyuma. Halafu nikauchora mto kwa mapenzi yangu yote. Niliupaka kahawia, rangi ya mchanga wake, kutoka ukingo huu hadi ule, nikaweka visima vilivyochimbwa mchangani, ng'ombe wanaosubiri zamu, na shangazi mwenyewe ameinama anachota kwa kibuyu.

Ramani ilirudi na wino mwekundu: barabara mbili, mto hakuna. Madamu alikuwa ameuhesabu mto wangu kuwa barabara ya vumbi.

Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilipogeuka niliona karibu nusu ya darasa wameinamisha vichwa. Sisi tuliozaliwa Dodoma na vijiji vyake, wote tulikuwa tumechora mito ya kahawia. Walioletwa na wazazi wao, maofisa na wahadhiri waliohamia mjini, walichora ya bluu. Brayani wa Mwanza aliweka samaki na mamba wawili wanaocheka. Madamu Koku alizitazama zile ramani akatutazama sisi, hakuelewa ni ugonjwa gani umelikumba darasa lake. Kwa huruma akasema anayetaka kupaka upya kwa bluu aje achukue krayoni mezani.

Wenzangu walikwenda wote. Mimi niliishika ile ya bluu, nikaileta mpaka juu ya karatasi, mkono ukagoma. Msinione shujaa, maana nilikuwa naogopa sana. Nilijua nikifeli somo lile nimeaga hadubini na Kifaransa na kila kitu. Lakini nilikuwa na swali linaniwasha: kama ule si mto, basi ni nini, na shangazi alikuwa anachota wapi?

Jioni nililitoa mbele ya ugali. Bibi alisema, "Paka hiyo bluu mjukuu wangu, tulale." Baba alinawa kwanza, kisha akauliza.

"Kwani mwalimu amewaambia mto ni nini?"

Nikakariri kwa Kiingereza jinsi tulivyofundishwa. Akaniomba kwa Kiswahili. Nikasema ni maji mengi yanayotiririka kutoka juu kwenda chini.

Alianza kujichokonoa meno. "Na yakiacha kutiririka," akauliza, "mto unakwenda wapi?"

Asubuhi ya zamu yangu ya kudifendi aliniamsha mapema. Alifunga ndoo nyuma ya baiskeli, nikakaa mbele kwenye bomba, tukaenda mpaka korongo lililo nje ya mji, njia ya Dar es Salaam. Mchanga wa juu ulikuwa mweupe, joto la jana bado limo ndani yake. Baba alikunja suruali akaanza kuchimba kwa jembe. Mlio ulianza mkavu, ukazidi kulainika kadiri shimo lilivyokwenda chini, kisha ikapanda ile harufu ya mchanga mbichi inayokufanya utamani kuulamba. Tulijaza ndoo mchanga ule na maji yake, tukarudi mimi nikitembea, maana ndoo ilikuwa imechukua baiskeli yote.

Baba aliibeba mwenyewe mpaka darasani, maji yakimdondokea kwenye viatu. "Habari za asubuhi, mwalimu," akamwambia Madamu Koku. "Nimemletea mwanangu mto wake." Akatoka. Lakini nilipoangalia dirishani baadaye kidogo, niliona kofia yake imesimama nje, haiendi dukani.

Nilitetea kwa Kiingereza nilichokuwa nacho. Nikasema mto wa kwetu unalala chini ya mchanga, unaamka mvua zikija. Brayani akanyoosha mkono.

"Maji yako wapi?"

"Chimba," nikamwambia.

Alikuja akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mchanga, akatoa tena. Wote waliacha madawati wakaizunguka ndoo. Mwanzoni lilikuwa shimo tu. Kisha chini pakawa peusi, pakaanza kung'aa, na maji yakaja yenyewe, taratibu, bila mtu kuyaita. Zilipigwa kelele ambazo sijazisikia tena katika somo lolote. Madamu Koku alivua saa yake akazamisha vidole. "Ya baridi!" akasema kwa Kiswahili, akisahau kabisa sheria ya shule ya kusema Kiingereza tu, nasi tukacheka mpaka akacheka na yeye.

Ningetamani ingeishia hapo. Lakini Madamu alikuwa mwalimu kweli. Alijifuta mkono akaniuliza, "Zuhura, haya maji, kule chini ya mchanga, yanatembea au yamesimama? Maana kama yamesimama, umetuonyesha kisima. Kama yanatembea, ni mto."

Sikujua. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Niliona hadubini inaondoka, nikaona njia ya kurudi shule ya zamani. Nikatazama dirishani, na kofia ilikuwa palepale. Mwishowe nikasema kwa Kiingereza sentensi fupi: sijui, lakini nataka kujua.

Madamu Koku alivaa tena saa yake. "Hata mimi sijui," akasema. Kisha akatoa hukumu yake. Alama za mchoro hazitabadilika, kwa sababu kwenye mtihani wa taifa hakuna atakayekuja na ndoo, kwa hiyo mto tuupake bluu na tukumbuke. Lakini alama za kutetea alinipa zote. Nilipojumlishiwa nilipita kwa kunyata, nikipitia upenyo wa mlango unaofungwa. Nikabaki.

Jioni ile baba alitaka nimsimulie kila swali. Alipomaliza kusikiliza akauliza, "Na ile sentensi yako ya mwisho, kabla mwalimu hajavaa saa yake, ilikuwa inasemaje?" Nikamtafsiria: sijui, lakini nataka kujua. Akaniomba niirudie kwa Kiingereza, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole.

Tangu siku hiyo, kila baada ya magharibi, aliniita. "Leo mmeulizana nini?" Niliamini anakagua bidhaa yake. Kuna siku nilichoka, nikajibu kwa mkato, naye akanirudisha: "Subiri, subiri. Rudi pale kwenye ngozi ya kitunguu." Nilimwona ni mnunuzi asiyeridhika, nikajitahidi nisimpe sababu ya kunirudisha. Mwaka wote uliofuata, mpaka namaliza darasa la saba, niliishi na hofu ile.

Nilikuja kuelewa nikiwa chuoni. Nilirudi likizo nikapita dukani bila kumtaarifu, nikamkuta ameshika kitunguu mbele ya mteja aliyekuja kununua bizari. Alikuwa anamweleza habari za vile vyumba vidogo, jinsi vilivyopangwa na kila kimoja na ukuta wake, na mteja kasahau bizari. Nilisimama nyuma ya magunia nikajikuta nalia. Baba hakuwa ananikagua hata siku moja. Tulikuwa tunasoma wote, ila yeye aliingia darasani jioni.

Basi juzi, nikiwa pale mlangoni na harufu ya vitunguu mikononi, Nasra alimaliza kuchora. Mto wake ulikuwa wa bluu safi. Baba, ambaye sasa anavaa miwani hata kutafuta miwani, aliinama akautazama kwa makini.

"Mzuri," akasema. "Na chini yake kuna nini?"

Nasra aliutazama mchoro, akamtazama babu yake. "Sijui, babu."

Baba akajivuta, magoti yakilia, akakaa mkekani karibu naye. Akachukua krayoni ya kahawia. Halafu akaisema ile sentensi yangu, nusu yake ya pili, kwa Kiingereza, polepole, kama nilivyomrudishia jioni ile.