Kungwi Kutoka Bara

Nilivunja ungo darasani, katikati ya kipindi cha hesabu, na kilichonijia kichwani ni mlango wa chumba cha nyuma nyumbani kwetu Temeke. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Humo ndimo alimowekwa dada yangu mkubwa. Aliingia ana mdomo kama cherehani, akatoka mwaka uliofuata, mnene, ngozi imefifia kwa kukosa jua, anaomba chumvi kwa kunong'ona. Kutoka mle alipelekwa moja kwa moja kwa mumewe. Shule hakurudi tena, wala hapana aliyeuliza.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu Wazaramo, na Uislamu wetu haukuizuia mila hiyo. Msichana akivunja ungo anaitwa mwali, anawekwa ndani. Haonekani na mwanamume, hapazi sauti, hachoti maji, hapiki. Ana kungwi wake, mwanamke mzima anayekuja kumfunda mambo ya utu uzima. Mama mzazi haambiwi na binti mwenyewe, maana ni aibu. Binti humwambia mwanamke mwingine, na huyo ndiye hupeleka habari kwa bibi. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata shauri kwamba siku yangu ikifika sitamwambia mtu yeyote, nitafua vitambaa vyangu mtoni kwa siri mpaka mtihani upite. Shauri hilo nilikuwa nimelipanga usiku mwingi kitandani na niliona ni la mtu mwenye akili sana.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa darasa la nane. Enzi ile ya Mwingereza wasichana wa Kiafrika waliofika darasa hilo mjini kwetu walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Aliyefaulu alipelekwa shule ya bweni huko bara, na akifaulu tena huko, kulikuwa na chuo kikubwa Uganda ambako watu weusi kama sisi walitoka madaktari. Usipoufanya mwaka huo, nafasi yako ilikuwa ya mwingine. Ulikuwa umebaki muda usiofika mwezi na nusu.

Mwalimu akaniita ubaoni. Sikuinuka. Akaniita tena, nikashika kingo za benchi kama mtu aliyeambiwa atasukumwa. Wenzangu walicheka, kwa sababu kwa kawaida mimi ndiye niliyekuwa nakimbilia ubaoni kabla sijaitwa. Mwalimu alinitazama kidogo, akawaambia wenzangu watoke wakacheze, akafunga mlango, akafungua kanga yake kiunoni akanifunga mimi.

Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, mrefu, amepanga chumba Keko nyuma ya karakana ya seremala. Alinichukua tangu darasa la sita, akawa ananibakisha kila siku baada ya masomo kunifundisha Kiingereza na hesabu za juu, bila kuombwa na mtu. Alikwisha kuniambia sababu. Kaka yake alikuwa amesoma chuo kile cha Uganda. Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha kaka huyo hesabu walipokuwa wadogo, lakini ada ilitosha mtu mmoja, na baba yao hakufikiri mara mbili. "Nataka kumwona msichana mmoja wa mkono wangu anaingia kule," aliniambia. Alilisema bila huruma, na mimi nilikuwa namwogopa kwa ajili hiyo.

Siku ile nilimshika mikono, nikamsihi asimwambie mtu. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Yeye, maskini, aliona mtoto anayeogopa mwili wake mwenyewe. Kwao huko milimani jambo hili halikuwa na chumba cha nyuma. Akaamua kwamba dawa yake ni kwenda kwetu kuzungumza na watu wazima, ili nipate kutulizwa.

Alikuja jioni hiyohiyo. Nilikuwa naosha vyombo uani nikasikia sauti yake ikipiga hodi, na sufuria ikaniponyoka. Nilijibana nyuma ya ukuta wa makuti nikasikiliza. Alimwamkia bibi yangu, mama yake baba, shikamoo ya heshima kabisa. Kiti chetu kilikuwa kimoja, cha baba, na mgeni wa kike hakukikalia, kwa hiyo alikaa chini mkekani. Kisha akatoa zawadi aliyoinunua dukani, doti ya kanga na kipande cha sabuni, akaiweka mbele ya bibi. Ndipo akasema.

Bibi yangu alikuwa mkuu wa makungwi Temeke yote. Hapana ngoma ya kuwatoa wali iliyochezwa bila yeye, na hapana mwanamke aliyekuwa na ubavu wa kumbishia. Aliuliza kama kuna mtu aliyeambiwa kabla ya mwalimu. Mwalimu akasema hapana, yeye ndiye wa kwanza.

"Umeambiwa wa kwanza," bibi akasema. "Umekuja kwa miguu yako, umekaa chini, umeleta kanga. Basi wewe ndiye kungwi wake. Mie siwezi kulitengua, na Mungu anajua ningependa."

Nilisikia uchungu katika sauti yake. Alikuwa ameshamweka mpwa wake wa kike wa Mbagala kwa kazi hiyo, na nadhani alikuwa ameshanichagulia na mume pia. Sasa amenyang'anywa na mwanamke asiyejua hata kula wali kwa mkono pamoja nasi, na aliyemnyang'anya ni mila yake mwenyewe. Mwalimu hakuelewa lolote. Alishukuru, akaaga. Mimi nikashikwa mkono, nikaingizwa chumba cha nyuma, na mlango ukafungwa.

Sina namna ya kuieleza hofu ya giza lile ila kusema kwamba nilikuwa nalisikia kwenye meno. Nilikaa mkekani, magoti kifuani, nikawaza mwaka mzima wa hivi, kisha mwanamume nisiyemjua. Nilimchukia mwalimu. Nilimwona mjinga aliyenichoma kisu huku anatabasamu, na nilitaka afe.

Sikujua kwamba wakati huohuo mama alikuwa anamsindikiza. Mama yangu alikuwa mtu wa kunyamaza. Tangu nipate akili katika nyumba ile sikumbuki kumsikia akimpinga bibi hata juu ya kiasi cha nazi kwenye mchuzi. Lakini njiani kwenye mikorosho, kama alivyokuja kunieleza miaka mingi baadaye, alimshika mwalimu kanga akamwambia hajui alichofanya. Alimweleza kwamba nimeshafungiwa. Kisha akamwambia na la pili, ambalo bibi asingelisema kwa hiari: kungwi ndiye anayesema mwali atafundwa nini, na kungwi ndiye anayesema anatolewa lini. Baada ya kusema hayo mama aliogopa sana, akarudi nyumbani mbio.

Kesho yake mwalimu akarudi. Akakaa chini kama jana, akamwambia bibi kwamba amekubali kazi yake. Mwali atakaa ndani, hataonekana. Yeye atakuja kila jioni kumfunda, na atamtoa siku ya mtihani. Bibi alimuuliza, kwa utaratibu kabisa, kusoma kote huko kunampeleka mtoto wa kike wapi. Mwalimu akamjibu kwamba wake wengi wa Temeke hufia uzazini kwa sababu daktari ni mwanamume na waume hawataki awaone. Siku moja daktari atakuwa mtoto huyu. Bibi alikuwa amezika binti wawili kwa sababu hiyo. Alisema tu kwamba akikubali, basi mwalimu na yeye atakaa afundwe, maana kungwi asiyejua mambo ni aibu kwa nyumba.

Ikawa hivyo. Kila jioni mwalimu aliingia chumbani na kibatari na vitabu chini ya kanga. Kwa kuwa mwali hapazi sauti, tulisoma kwa kunong'ona. Nilinong'ona hesabu, nikanong'ona Kiingereza, mpaka leo nikifanya hesabu ngumu midomo yangu hucheza bila sauti na watu hunicheka. Kisha bibi naye aliingia, akatufunda wote wawili. Mwalimu alikuwa anasikia mambo yale kwa mara ya kwanza, na macho yalimtoka. Bibi alimtania kwamba anajua kuhesabu nyota lakini hajui kuoga. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo, lakini kicheko hakikukaa. Mwalimu akitoka, mlango ukifungwa, nilibaki nahesabu sababu zote zinazoweza kumzuia asije kesho.

Na kweli ikafika Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Bibi alipita mlangoni akasema, bila kunitazama, kwamba kungwi akimtupa mwali, mwali hurudi kwa watu wake, na mpwa wake wa Mbagala yupo. Usiku nilikuwa nasikia nyayo ambazo hazikuwepo.

Jumatano alikuja, amekonda uso. Wazee wa kanisa lake walikuwa wamepata habari kwamba anashiriki unyago wa Waislamu, wakamwita, wakamweka kiti cha mbele kama mshtakiwa. Walimwambia achague. Asipoacha, hatapokea meza ya Bwana, na watamwandikia mkubwa wa elimu kwamba hafai kulea wasichana. Alinieleza yote kwa mnong'ono uleule wa hesabu. Nilimuuliza amechagua nini. Alifungua kitabu palepale tulipoishia.

"Naogopa kama wewe," akasema. "Soma."

Asubuhi ya mtihani walinitoa. Nilifunikwa kanga mbili kuanzia utosini, nikashikwa mkono huku na bibi, huku na mwalimu, mama akabaki mlangoni. Tulipita njia za ndani kwenye mikorosho ili tusikutane na wanaume, hadi shule, upande wa Keko. Nilikuwa naona miguu yangu tu, myeupe kwa kukosa jua, kama ya mtu mwingine. Mwalimu alikuwa amehakikisha mapema kwamba msimamizi wa mtihani atakuwa mwanamke, mwalimu mwenzake wa mjini. Mpango ulikuwa nifunuliwe ndani, mbele ya wanawake peke yao, kisha nirudishwe nimefunikwa vilevile hadi ngoma yangu ichezwe.

Mlangoni ikasikika sauti ya mwanamume. Yule msimamizi wa kike alikuwa ameugua ghafla, akatumwa mwalimu wa kiume wa shule nyingine, Mwafrika, soksi ndefu, saa mkononi. Akasema, kwa adabu lakini kwa mkato, kwamba haruhusu mtu aliyefunikwa kuingia. Ni lazima amwone uso, maana atajuaje nani anafanya mtihani. Wengine wameshakaa, na akifunga mlango hafungui tena.

Lazima nieleze nilichokuwa nakiamini wakati huo. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba moto unaunguza, kwamba mwali akionwa na mwanamume kabla ya kuchezwa ngoma tumbo lake hufunga, hazai maisha. Bibi aliamini hivyo. Wanawake wote niliowapenda waliamini hivyo. Nilitaka kusema turudi nyumbani, lakini mwali hapazi sauti.

Mwalimu alikuwa na haki ya kunifunua, yeye ndiye kungwi. Nikaona vidole vyake vikishika upindo wa kanga karibu na kidevu changu, vikakaa hapohapo. Hakuweza. Majuma yale aliyokaa mkekani yalikuwa yameshamwingia, na sasa aliogopa kama sisi. Msimamizi akasema dakika zimekwisha.

"Mfunue," bibi akasema.

Mwalimu hakusogea. Basi bibi yangu, mkuu wa makungwi, akautoa mkono wa mwalimu polepole, akashika kanga yeye mwenyewe, akanifunua uso mbele ya mwanamume yule. Mwanga ulinipofusha. Sikumwona vizuri, niliziona tu soksi zake. Niliingia, mlango ukafungwa nyuma yangu.

Sikumbuki maswali. Nakumbuka midomo yangu ikicheza bila sauti. Tulipotoka jua lilikuwa la utosini. Mwalimu alikuwa amesimama kivulini barazani, amejishika mikono. Bibi alikuwa amekaa mchangani, juani, karibu na mlango, na nadhani hakuwa amesogea tangu asubuhi. Nilipomkaribia niliona machozi yamemkaukia usoni, na sikuwahi kumwona bibi akilia, hata kwenye yale mazishi.

Aliinuka kwa shida, akanifunika tena kanga, taratibu, akaivuta mpaka chini ya macho.

"Mjukuu wangu," akasema, "sijui nilichokifanya. Sasa wewe nenda ukasome mpaka uniambie sikukufunua bure."

Nilifaulu. Nilikwenda bara, na baadaye Uganda, na kila mtihani nilioukabili kule niliuingia kama ninayefunuliwa uso tena mbele ya mwanamume, wenzangu wakidhani nina hofu ya kushindwa. Bibi alikufa mwaka wangu wa pili chuoni, kabla sijawa daktari na kabla sijazaa, na nilipopata yote mawili hapakuwa tena na bibi wa kumwambia kwamba hakunifunua bure.