Bwana Aliyekuja Bila Mshenga

Keti karibu, msikilizaji wangu, nikueleze taratibu, maana jambo lenyewe ni jepesi ukilipata tangu mwanzo.

Mwaka juzi nilikuwa nikijifunza Kiingereza na wanawake wenzangu katika maktaba moja ya Handsworth, huku Uingereza. Mwalimu alituletea riwaya ya mapenzi ya Uingereza ya miaka mia mbili iliyopita, enzi za magari ya farasi na glavu ndefu. Bwana mmoja tajiri anamfuata binti bustanini, peke yake, anamwomba wafunge ndoa. Binti anadhani anafanyiwa dhihaka. Anamfukuza.

"Amefanya muzuri," akasema mama mmoja wa Bukavu. "Ule bwana ni wa bongo tu, anadanganya. Famille yake iko wapi?"

"Huyo anatafuta karatasi za kuishi hapa!" akadakia dada wa Nakuru.

"Karatasi gani, shoga, na yeye ndiye Mwingereza?" nikamuuliza.

Tulicheka hadi mwalimu akachanganyikiwa. Ikabidi nimweleze: kwetu mwanamume mwenye nia humtuma mshenga, mtu mzima wa kuheshimika, akaseme na wazee wa mwanamke. Anayekuja mwenyewe anacheza, au anaficha kitu. Pengine mke.

Sikumwambia kwamba siku mbili kabla nami nilikuwa nimeposwa hivyo hivyo, mlangoni mwa duka la vyakula, na fundi bomba kutoka Uvira. Nilimpenda. Lakini nilimwambia asubiri jibu hadi Jumapili, na siku zote hizo nilimchunguza kama afisa wa uhamiaji. Simu yake ikilia, natega sikio. Akitoka nje kuipokea, nahesabu dakika. Mbona hajanionyesha anakoishi? Mbona hamtaji hata binamu?

Jumapili nikamkabili. "Mbona hukutuma mtu?"

Akaweka kikombe chini. "Nitatuma nani, mama? Baba nilimuzika. Wakubwa zangu sijui kama wako wazima. Hapa niko mimi na mimi."

Nikamwambia aazime mzee kanisani kwake, aje naye kwa shangazi yangu anayeishi Great Barr. Akaazima wawili. Shangazi akawahoji wote watatu kabla ya kuwapa chai, kisha akaniita nijibu. Nikakubali.

Nawe ukiposwa na mtu aliyekuja peke yake, usimjibu kwanza. Muulize: angekuwa kwao, angemtuma nani? Kisha nyamaza mpaka amalize.