Miiba ya Kitoto cha Chewa

Mwaka ule tulikula ming'oko. Mikorosho ilipigwa na ugonjwa wa ubwiri unga, maua yakakauka, mihogo ikaoza ardhini, na kijiji kizima cha Mnyambe tukaingia porini na majembe kufukua mizizi ile. Ming'oko ukiila siku moja ni mitamu. Ukiila asubuhi na jioni unachukia mpaka mikono yako mwenyewe. Ndio mwaka binti yangu aliponiachia mtoto wake wa kike, hajaacha kunyonya sawasawa, akateremka Masasi kuuza nguo. Alisema atarudi mikorosho ikichanua.

Masasi si Ulaya. Ukipanda basi asubuhi, adhuhuri uko pale chini ya majabali unakunywa chai. Mikorosho ilichanua, tukaokota, ikachanua tena. Hakuja.

Mtoto yule nimemlea mimi, na ninajisifu. Nilimtafunia ming'oko nikamtia kinywani. Lakini alikuwa mtoto wa ajabu. Halii. Ukimpa muhogo anakula nusu, nusu anaificha chini ya mkeka. Watoto wa jirani wakimsogelea, anauma. Mpaka leo, msichana mzima anayesoma habari za samaki chuoni huko pwani, akila anaizungushia sahani mkono kama vile kuna mtu atamnyang'anya.

Likizo iliyopita alikuja na vipande vya chewa mkavu. Nikavitia nazi. Wakati mchuzi unachemka akanisogezea simu usoni, na utani wetu wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, hebu tazama."

Nikaona kadudu kama kipande cha kioo, macho makubwa, miiba mirefu imechomoza mgongoni na tumboni.

"Dubwana gani hili?"

"Ndiye huyo uliyemtia nazi, Bibi. Chewa akiwa mtoto."

"Toka hapa! Chewa namjua mimi, ana mdomo kama mlango wa ghala."

Akacheka, kisha akanieleza. Chewa humwaga mayai baharini, akaenda zake. Kitoto huanguliwa katikati ya maji matupu, hakuna jabali la kujificha, na kila chenye mdomo kinakitaka. Zamani sana, vizazi juu ya vizazi, vile vilivyozaliwa na mwiba uliozidi kidogo vilimshinda mlaji kuvimeza. Vikakua, vikazaa vyenye miiba kama yao. Visivyo na miiba viliishia matumboni mwa wengine. Na vile vyenye mwili wa kupitisha mwanga havikuonekana upesi, navyo vikabaki. Hivyo utoto wa samaki ukapata umbo lake wenyewe, mbali na la mama. Kikikua na kufika kwenye miamba, ile miiba inafupika. Tena, akasema, wasomi wa zamani walipoona vitoto vya samaki wengine waliviandika kuwa ni samaki wa aina nyingine kabisa, kwa jinsi visivyofanana na wazazi wao.

"Kwa hiyo hakuna aliyekipa miiba?"

"Hakuna, Bibi. Meno ya wengine ndiyo yaliyochagua."

Mimi niliishia darasa la pili, lakini hilo liliniingia. Mbegu ya mahindi nayo tunaichagua kila mwaka, ila sisi tunachagua kilicho bora ili tukipande, hatutafuni vilivyobaki vikiwa hai.

Kesho yake binti yangu akatokea, hatujamwita. Mgongoni ana kichanga cha kiume, cha mume mpya.

"Shikamoo, mama."

Nikaikawiza ile marahaba. Tulipokaa kula, msichana akamwonyesha mama yake picha ileile, akamweleza vilevile. Mama yake akapiga makofi.

"Unaona, mama! Hata samaki wanaacha watoto, na wanakua. Huyu si nilimwacha? Leo yuko chuo, amekomaa kuliko waliobebwa mgongoni." Akaanza kufungua kanga. "Basi na huyu nakuachia. Mwenzangu anataka tuhamie Tunduru, biashara huko inachangamka."

Msichana akaacha kutafuna. Nikamgeukia yeye.

"Hivyo vitoto, mke mwenzangu, vinavyobaki ni vingi?"

"Karibu vyote huliwa, Bibi. Ndiyo maana mama yao hutaga mayai yasiyohesabika."

"Na wewe," nikamwambia binti yangu, "umetaga mangapi?"

"Mama, usinifanye samaki."

"Umejifanya mwenyewe, tena hujamaliza kumeza tonge."

Kichanga alikwisha kuwekwa mapajani pangu. Ananuka maziwa. Akakamata kidole changu, hataki kukiachia. Sikumkataa kwa uzee. Mikono hii bado inalima. Nikimpokea nitamlea, tena vizuri, naye ataota miiba kama dada yake, na mama yake atatembea Tunduru nzima akijisifia miiba ile. Nikamwinua, nikamrudisha kifuani kwake.

"Simpokei. Mama yake yu hai, amlee."

"Umesemaje, mama? Mjukuu wako wa damu?"

Nikamtazama usoni.

"Simpokei. Mama yake yu hai, amlee."