Kadi Tatu Alizozikata Glenys

Glenys Trezise hakuwahi kudaiwa na mtu. Miaka ishirini na mbili alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee pale Port Pirie, mji mdogo wa Australia, na kodi yake aliilipa bila kukumbushwa. Kwa hiyo mwenye nyumba, mzee Kostas Manolakis, alipoamua kuuza ahamie kwa binti yake jijini Adelaide, alimjia yeye kwanza. Alimpa wiki tatu. Zikipita, nyumba inakwenda kwa dalali, maana binti alikuwa anamsukuma. Bei ilikuwa ya kirafiki. Glenys aliutazama mlimau alioupanda mwenyewe nyuma ya jiko, akakubali kabla mzee hajamaliza kusema.

Benki ikakataa kumkopesha.

Aliyempa habari ni Craig Noske, ofisa wa mikopo, mtu mzima mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Mshahara unatosha, akiba ipo, tatizo ni zile kadi zake tatu za mkopo. Glenys alidhani bwana huyu ameshika faili la mtu mwingine. Kadi zenyewe alizikata miaka tisa iliyopita, mezani jikoni, kwa mkasi wa kukatia kuku, dada yake Rhonda akishuhudia. Moja alipewa dukani alipochukua mashine ya kufulia kwa malipo ya polepole, na mashine ilishalipwa ikaisha, ikafa na kutupwa. Ya pili alibandikwa na msichana aliyekuwa akigawa mataulo ya bure mlangoni mwa maduka. Ya tatu ililetwa kwa posta na benki hii hii, wala hakuiomba.

"Ulichokata ni plastiki, Glenys," Craig alisema kwa upole. "Akaunti bado ziko hai. Na sisi tunazihesabu kama vile umeshazitumia zote mpaka mwisho."

"Sijagusa hata senti."

"Lakini unaweza kuzigusa. Hata kesho."

Damu ikamchemka. Mtu akatae pombe, halafu aandikwe mlevi kwa sababu baa iko jirani? Na nani aliyezileta kadi hizo kama si wao wenyewe? Walimfuata mpaka kwenye sanduku la barua, wakamsifu kuwa mteja mwaminifu, na leo uaminifu huo umegeuzwa kosa. Craig alimwandikia kwenye karatasi namba za simu za kufungia kadi, akamtakia siku njema.

Rhonda alimshauri aue kadi mbili abakize moja, ya dharura, meno yakiuma au gari likizima njiani. Glenys alilifikiria kweli, maana gari lake lilikuwa limezeeka. Kisha akasema hapana, zife zote.

Kumbe kadi ni rahisi kuzaliwa kuliko kufa. Aliyepokea simu ya duka alitaka namba kumi na sita zilizo usoni mwa kadi. Glenys alimweleza kuwa kadi ilikatwa zamani na vipande vimeoza jalalani. Dada wa watu hakutikisika. Alisema basi atamtumia kadi mpya, ikifika apige tena, amsomee namba, ndipo waifunge. Siku kumi Glenys alisubiri kadi asiyoitaka ili apate ruhusa ya kuikataa. Ya mataulo ilifungwa baada ya Glenys kubembelezwa kama bibi harusi, mara pointi za zawadi, mara tiketi ya ndege kwenda Bali. Ile ya benki yenyewe ndiyo iliyomshinda. Alipiga mara tatu, na mara zote tatu simu ilikatika wakati akihamishiwa kwa mwingine.

Ijumaa ya mwisho alikwenda benki na barua mbili tu mkononi, za kadi mbili zilizofungwa. Craig alizisoma, akatabasamu, akamsogezea mkataba na kalamu. Glenys aliuliza kuhusu kadi ya tatu.

"Hiyo isikusumbue. Mkopo wa nyumba kwetu unakuja na kadi, bure kabisa. Tunakuachia hiyo hiyo."

"Wiki mbili zilizopita ilikuwa deni. Leo imekuwa zawadi?"

"Iweke tu kwenye droo, Glenys."

Aliirudisha kalamu upande wa Craig. Alisema hasaini kitu mpaka kadi ife, ameketi pale na ana siku nzima. Craig alitazama foleni nyuma yake, akashusha pumzi, akavuta kibodi, akabonyeza mara nne au tano. Mashine ikatoa karatasi. Akaunti imefungwa.

Glenys aliitazama ile karatasi bado ina joto.

"Hii ungeweza kuifanya siku ile ya kwanza? Hapa hapa?"

"Hukuniomba," Craig alisema.

Glenys alisaini kila ukurasa, kalamu ikikaribia kutoboa karatasi, akatoka na hasira zake, akazibeba mpaka nyumbani kwake.