Mshale wa Joto Hadi Matema

Mimi si mtu wa safari. Gari langu dogo la mkono wa pili, tangu lifike Ngonga, linajua njia moja tu: nyumbani hadi kanisani, dakika tano kwenda, dakika tano kurudi. Lakini wiki ile mdogo wangu Tumpe alinipigia simu kutoka hospitali ya Matema. Amejifungua kwa upasuaji, ameruhusiwa kutoka, na daktari amemkataza kabisa kupanda pikipiki kwa sababu ya mshono.

"Dada, si unalo gari? Au ni la kuanikia nguo?"

Nikatoka nje kuanua kanga mbili zilizokuwa juu ya boneti. Mume wangu yuko Tunduma kikazi. Ikabidi dereva niwe mimi.

Saa moja na nusu asubuhi, Ngonga. Nilichomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena, kama alivyonifundisha fundi Lusajo wa Kyela, aliyenibadilishia oili siku mbili nyuma. Oili ilikuwa katikati ya alama. Maji kwenye kopo la akiba yalikuwepo. Mikanda ya injini imekazwa. Hapo ndipo nikaanza kumshuku vizuri. Fundi anayeacha kila kitu sawasawa, kuna kitu ameondoka nacho.

Saa mbili, Kyela mjini. Nilisimama kujaza upepo. Mwenye pampu akasema tairi moja la nyuma limepungua. Nikamwambia apime tena, mbele ya macho yangu. Akapima. Nikamwambia apime tena.

"Mama, hata nikipima mpaka Pasaka, upepo ni uleule."

Akalijaza, nikaondoka bila kuamini, ila tairi lilikuwa limesimama vizuri.

Kabla ya kufika Ipinda. Barabara ilikuwa tupu na mimi nimeanza kuona raha, naitazama migomba na mikokoa, nikijiuliza kwa nini watu hulalamika kuhusu safari. Nilipotupa jicho kwenye dashibodi, mshale wa joto ulikuwa umepanda karibu na alama nyekundu. Nikaegesha pembeni, nikazima. Chini ya boneti kulikuwa na sauti ya ssss, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Kitu cha kwanza nilichofanya si kutazama injini. Nilimpigia Lusajo.

"Umetoa nini kwenye gari langu?"

"Nimetoa oili chafu, mama."

"Na nini kingine?"

"Ningeondoka na shukrani pia, lakini hukunipa." Akacheka, mtandao ukakatika. Nikajua ameukata yeye.

Akapita baba mmoja na baiskeli, akasimama kunisaidia. "Fungua mfuniko wa rejeta, dada, mwagia maji ya baridi, unaendelea na safari." Alikuwa tayari amefunika kiganja chake kwa kitambaa. Nikamtazama. Kwa nini mtu nisiyemjua ana haraka hivyo na mfuniko wangu? Nikamkatalia. Akaondoka akinung'unika kwa Kinyakyusa, na mengine niliyaelewa.

Nilikaa karibu nusu saa mpaka mshale ukashuka, kisha nikatambaa polepole hadi nyumba ya karibu niliyoifahamu. Kwa bahati mbaya ilikuwa ya wakwe zangu.

Ipinda, nyumbani kwa wakwe. Nasema bahati mbaya kwa sababu baba mkwe aliendesha malori miaka mingi, hakuna anayejua injini kumzidi, na mimi siruhusiwi kumwona. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Wengi siku hizi wameacha. Mzee wangu hajaacha, na mimi sithubutu kuacha kabla yake.

Mama mkwe alinipokea kwa salamu ya Kinyakyusa. "Ndaga, Mama Ambakisye! Gari linatoa moshi au unapika humo?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko: "Mwambie asifungue mfuniko ukiwa wa moto. Maji yatamrukia usoni."

"Anasema usifungue mfuniko," akasema mama mkwe, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mama, mwambie sijafungua."

"Hajafungua."

"Nimesikia. Mwulize, maji yanavuja chini?"

"Mama, mwambie hayavuji."

Tukaendelea hivyo, maneno yakipita kwa mama kama forodhani. Mzee akauliza kama feni inazunguka. Akauliza nani aliligusa gari mwisho; nikasema ni fundi Lusajo, na kwamba nimeshampigia kumshuku. Akauliza kama mshale hupanda nikienda kanisani. Nikajibu hapana, safari ile ni fupi, injini haiwahi hata kuchemka. Akasema anataka kuona mbele ya gari kwa macho yake. Kwa hiyo mimi nikaingizwa ndani, mlango ukafungwa, yeye akatoka.

Hapo wasiwasi wangu ulifika kilele. Nilisikia chuma kikigonga chuma. Nilisikia brashi, maji yakimwagwa, kitu kikiburutwa. Mkwe wangu namheshimu, lakini gari ni moja, na Tumpe ananisubiri na mshono wake. Nikatafuta ufa mlangoni. Mama mkwe akakaa mbele ya ufa.

"Mkweo haibi rejeta, mwanangu."

"Sijasema anaiba, mama."

"Macho yako yamesema."

Kisha nikamsikia mzee akicheka peke yake huko nje. "Hili ni gari au ghala?"

Alipoondoka nikaruhusiwa kutoka. Juu ya boneti kulikuwa na jani la mgomba, na juu ya jani lundo la makapi ya mpunga, yameshikana kama tofali. Yalikuwa yamejaa mbele ya rejeta, hewa haipiti hata kidogo. Mlango wa nyumba yangu unatazamana na mashine ya kukoboa, na kivuli kizuri kiko nyuma yake, palepale bomba linapotapika makapi. Mwaka mzima nimeliegesha hapo, nikijisifu kwamba natunza rangi.

Sauti ikatoka tena nyuma ya ukuta: "Mwambie mshale ukipanda tena, asimame. Akiwa hana pa kusimama, awashe hita mpaka mwisho, itavuta joto la injini. Na ampigie fundi wake simu nyingine."

Nilimpigia Lusajo, nikamwomba radhi. Akauliza kama makapi hayo nayauza.

Saa saba, Matema. Milima imesimama nyuma ya kijiji kama inataka kuingia ziwani. Sikuitazama sana. Mshale ulikuwa umekaa katikati tangu Ipinda na mimi nilikuwa naushuku kuliko ulipokuwa juu. Tumpe akatoka taratibu, mkono tumboni, muuguzi amembeba mtoto. Tukamlaza kiti cha nyuma na mito miwili.

Njia ya kurudi. Nilienda polepole. Kila tuta nililivuka kama nimebeba mayai. Jua lilikuwa kali, gari zito, na kama lingekufa njiani hapakuwa na usafiri mwingine wa kumfaa mtu mwenye mshono. Nilijifunza siku hiyo kwamba kushuku ni kazi nzuri ukianza na wewe mwenyewe: unaegesha wapi, umetazama nini, umeinama mara ngapi mbele ya gari lako. Nilimkataa mwenye baiskeli kwa roho mbaya tu, na roho mbaya ikaniokolea uso. Lakini sijivunii.

Tumepita Kyela, Tumpe akasema kutoka nyuma, "Dada, tangu Matema, saa mbili nzima, hata hujauliza mtoto ni wa kike au wa kiume."

"Nyamaza, naangalia mshale."

Ngonga, saa kumi na moja jioni. Nikasimama uani, juani. Nikasubiri kidogo, nikasikiliza. Hakuna ssss. Nikazima injini, nikageuka mzima kitini, nikanyoosha mikono.

"Haya," nikamwambia. "Nipe nimwone."