Karatasi ya Chini Kabisa

Aibu hii niliitafuta mwenyewe. Miaka ile ya sabini nilikuwa karani wa kununua majani chai karibu na Ogembo, nikiwa na digrii ya alama za kuburura mkia. Lakini ukali! Mkulima akileta kikapu, nilikimwaga chote mezani, maana majani magumu hufichwa chini. Nikiyaona, mkulima alichambua upya.

Nikaomba nafasi ya kusomea shahada ya pili ya biashara Nairobi. Siku ya intavyu nilipanga faili yangu kwa ujanja: juu barua ya pasta, halafu vyeti vya kwaya, na matokeo ya chuo kikuu chini kabisa.

Mwenyekiti wa jopo alinitazama sana. "Wewe si karani wa kule Ogembo? Juzi ulimwaga kikapu cha mama yangu, nami nimesimama pale."

"Nisamehe, mzee."

"Ulifanya kazi yako." Akaimwaga faili yangu yote mezani, akaokota karatasi ya chini na kusoma kila alama kwa sauti.

"Mama alipochambua, uliyapokea majani yake?"

"Ndiyo, mzee. Siku ile ile."

"Basi vuta kiti, tuchambue."