Mikono ya Muuza Mkorogo

Miezi michache iliyopita, kwenye duka la vipodozi mtaani Chuno, nilisimama nyuma ya mama mjamzito, mwanangu akiwa mgongoni. Mimba ilikuwa imemtia yule mama madoa meusi mashavuni, naye alitaka uso wake urudi kama zamani kabla ya harusi ya mdogo wake.

"Mama kijacho, hapa umefika," muuzaji alimwambia, huku akichota mkorogo wa kung'arisha ngozi kwenye ndoo kwa vidole na kuutia kwenye kopo. "Nachanganya mwenyewe. Wajawazito wote wa mtaa huu wanapaka."

"Hauna madhara kwa mtoto?"

"Madhara gani, shoga? Unapaka usoni, mtoto yuko tumboni!"

Tulicheka sote. Mwanangu naye akachangamka, akamnyooshea muuzaji mikono. Yule dada akainuka kumpokea, kisha akavitazama vidole vyake na kurudi nyuma haraka.

"Subiri ninawe kwanza, baba. Haya mambo makali."

Kicheko kilikatika. Mama mjamzito alilisukuma lile kopo taratibu.

"Huyu wa mgongoni unamwonea huruma," alisema. "Wangu je, kwa kuwa humwoni?"

Muuzaji akabaki anafuta vidole kwenye kanga. Mama akanunua mafuta ya mgando ya kawaida, kopo halijafunguliwa na maandishi yake yanasomeka. Madoa, alisema, atamwonyesha nesi kliniki.

Mimi naona haya kuuliza maswali madukani. Siku hizi siulizi. Namwomba tu muuzaji anishikie mtoto.